Oili ya Chupa Nyeupe

Krr. Krr. Krr.

Sessimè alishtuka gizani. Haikuwa pikipiki. Alikuwa mama yake tu, jikoni, ameanza kusaga pilipili kwenye jiwe kabla hakujapambazuka. Akajifunika kitenge mpaka usoni. Bintiye Fifamè, wa miaka minne, akageuka na kumlalia mkono.

Usingizi haukurudi. Tangu jana jioni alijua alichokifanya, na hapa nyumbani hakumwambia mtu.

Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Fundi Aklassou alipomhitimisha uanagenzi. Alipiga magoti mbele ya watu, akamwagiwa poda kichwani hadi kope zikawa nyeupe, akakabidhiwa cheti na seti ya spana. Mwanamke fundi pikipiki! Mtaa mzima wa Vèdoko ulikuja kutazama. Mteja wake wa kwanza akawa Gandonou, dereva wa zemijani, zile pikipiki za abiria. Alimbadilishia oili, Fifamè akimshikia faneli. Kesho yake Gandonou karudi analalamika: asubuhi pikipiki inawaka vizuri, lakini ikishapata moto, ukibonyeza staata inasaga kana kwamba inatafuna mchanga.

Sessimè hakuipima. Mdomo ulitangulia.

"Klachi ya staata hiyo, kaka. Aliyeifunga ndiye aliyeiharibu."

Na aliyeifunga, msimu wa mvua uliopita, alikuwa Aklassou.

Neno likafika kijiweni kabla ya saa sita. Gandonou akaapa kwamba Aklassou hataigusa tena pikipiki yake, na wenzake watatu wakasema hata wao. Jana jioni ndipo Sessimè alipopita kwa mama muuza mafuta wa pale kona, akaambiwa bila ubaya wowote: "Mwanangu, chupa uliyochukua juzi si ilikuwa ya watu wa teksi? Ya pikipiki naweka kwenye za kijani siku zote."

Kila mtu anajua hivyo. Kijani ya pikipiki, nyeupe ya magari. Aliichukua magharibi, kibatari kinayumba, akaiona kijani. Miaka minne kafundishwa kuisugua oili kwa vidole na kuinusa. Yeye akatazama chupa.

Jua lilipochomoza, Aklassou mwenyewe akaja, na Gandonou, na nusu ya kijiwe nyuma yao.

"Nasikia nimeua klachi," mzee alisema. Hasira hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomchoma Sessimè zaidi. "Nimekuja kuiona maiti."

Watu wakacheka. Gandonou akabonyeza staata. Pikipiki ikawaka papo hapo.

"Maiti gani hii inapiga kelele?"

"Ngoja ipate moto, mzee! Asubuhi inajifanya ina adabu."

"Kama wewe kwa wakwe zako. Haya, nenda mpaka njia panda urudi."

Akaenda, akarudi, akaizima, akabonyeza tena. Krrrr! Aklassou akaegemeza bisibisi ndefu ubavuni mwa injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Tena... Tena. Staata inazunguka, ila haiikamati injini. Inateleza. Na ukimpakia mama na magunia yake, injini inalia mwendo hauji?"

"Eh! Nani kakwambia?"

"Tangu lini?"

"Tangu nibadilishe oili."

Aklassou akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua kwa vidole, akainusa. Akamtazama Sessimè mara moja tu, kisha akageuza uso upesi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anaoga.

"Oili ya gari hii," alisema polepole. "Klachi ya gari inakaa pakavu. Ya pikipiki inaogelea humuhumu ndani ya oili, na ile ya staata vilevile. Ukiipa utelezi huu, ikipata moto tu haishiki kitu. Imwageni yote, mtie inayofaa."

"Kumbe si wewe, bosi?" Gandonou alimkazia macho. "Kosa la nani basi, aliyeiuza au aliyeitia?"

"Mimi niulizwe oili ambayo sikuitia?" Aklassou akafuta vidole kwa kitambaa, taratibu mno, kama anayempa mtu nafasi.

Sessimè akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili chini, hivyo hivyo mbele ya kijiwe. Vicheko vikakatika.

"Bosi," alisema. "Oili... iliwekwa siyo yenyewe."

"Iliwekwa," Aklassou alirudia. "Na nani?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, fupi, na halikutoka. Akaona vumbi, vidole vyake vyenye weusi wa grisi, ndala za mzee zikisubiri.

Fifamè akatoka mlangoni, uji mdomoni. Alipomwona mama yake chini, naye akapiga magoti pembeni yake, akapanga viganja vyake vidogo mavumbini kando ya vile vikubwa, akainua uso kwa mzee.

"Mama ndiye aliyeiweka," akasema.