Vitabu vya Papa na Mgawo wa Nyama

Ukoo wetu haujui kugawana kitu kingine ila nyama. Wape mabati ya nyumba, watauliza kwanza kidari kiko upande gani. Kwa hiyo siku ya kumaliza matanga ya papa, baba yangu, hapa Walikale, nilipowaona wazee wakivuta viti mbele ya kabati la vitabu vyake, nilijua upumbavu uko njiani. Sikujua tu kwamba ungekuja na uso mkavu namna ile.

Papa yangu, Gustave, alikuwa muuguzi. Alipokuwa mwanafunzi kule Masisi, padre mmoja alimpa kitabu kilichogugunwa na panya, na tangu siku hiyo akashikwa na ugonjwa wa hadithi za nyota: vyombo vinavyosafiri kati ya jua na jua, mashine zenye akili, sayari zisizo na usiku. Alikusanya kila alichokiona. Alikuwa na kanda za video ambazo hatuna tena mashine ya kuzitazamia, na roboti za plastiki alizozichambua kwenye marobota ya mitumba. Lakini moyo wa mkusanyo ulikuwa vitabu vyembamba vya Kifaransa juu ya chombo kiitwacho Tenace na nahodha wake, mwanamke aitwaye Orsane, anayewatafutia watu wake dunia waliyoipoteza. Papa alivipata kimoja kimoja, Goma, Sake, Bweremana, wakati mwingine cha tano kabla ya cha pili. Kila tulipokimbia vita, mama alibeba sufuria, sisi tulibeba Tenace.

Mimi, Naomie, binti yake wa kwanza, ndimi peke yangu niliyeambukizwa. Mdogo wangu Patient alitazama majalada tu, tena yale yenye wanawake. Kila Jumapili baada ya misa papa na mimi tulisoma kwa sauti, ukurasa wake, ukurasa wangu, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia mwenzake.

Kitabu cha mwisho kilitusumbua miaka na miaka. Papa alikikuta Mushaki, kwa mama muuza jibini ambaye alikuwa ameshachana jalada kufungia bidhaa yake. Alirudi nacho kwa pikipiki, mvua ikimpiga njia nzima, kitabu kimefichwa ndani ya shati.

"Tutasoma dimanche," aliniambia huku akitetemeka. "Usikifungue, Naomie."

Homa ya mapafu haikumngoja. Jumapili hiyo tulikuwa makaburini.

Basi wazee wakakaa. Papa Darius, kaka mkubwa wa papa, alikohoa kama mtu anayefungua kikao cha Umoja wa Mataifa.

"Kichwa iko ya mukubwa," alisema. "Hii ya mbele yote ni yangu."

Akajirundikia vitabu vya kwanza. Mgongo ukaenda kwa ndugu waliowahi kuwinda na papa, mapaja kwa wakwe, matumbo kwa wanawake. Matumbo, ukitaka kujua, yalikuwa maboksi matupu na kitambaa cha kupangusia vumbi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumaliza ukurasa wa kitu kisichokuwa Biblia. Niliwatazama wakiviinua vitabu na kuvipima uzito kwa kiganja.

"Mutafanya nayo nini?" niliuliza.

"Mugawo ni mugawo," Papa Darius akajibu. "Habaulizake muntu namna anakula yake."

Binamu yangu Prince alikuwa tayari anakunja kona ya ukurasa kuona utatoa vifuko vingapi vya karanga. Hapo nikatambua kwamba kelele hazitanisaidia, na nikafanya jambo nililoliona la akili sana. Niliamua kuwachapa kwa fimbo yao wenyewe.

"Bazee," nikasema, "hii si nyama. Hii vitabu, mi na papa tulishakula yote. Tulisoma kila kimoja mpaka mwisho. Munagawana mifupa."

Kwetu mfupa haugawanywi. Ukishagugunwa hauna mwenyewe, anauokota anayeutaka. Wazee wakacheka, wakanong'onezana, wakacheka tena, lakini sheria ni sheria yao na hawakuwa na pa kutokea. Papa Darius, ambaye kichwa kilikuwa kimeanza kumwelemea mapajani, akasema mutoto iko na haki. Mmoja mmoja wakavirudisha vitabu kabatini, nami nikasimama pembeni mikono kiunoni, nimejaa kiburi hadi kooni.

Aliyebaki amekaa ni mzee Jean-Marie tu. Huyo ni mjomba wa papa, mwindaji wa msituni, asiyeweza kusoma hata jina lake. Sisi wajukuu tunamwita koko. Na katika ukoo wetu neno la mjomba wa marehemu halipingwi. Aliinua kitabu kisicho na jalada.

"Na hii, mwana? Hii mulishakula?"

Mama aliniangalia. Wote waliokuwepo walijua papa alikileta lini na katika hali gani. Kumsingizia marehemu siku ya kumaliza matanga yake ni kujitafutia balaa, na mimi, pamoja na sayari zangu zote, sikuthubutu.

"Hapana, koko. Hiyo bado."

"Basi hii njo nyama," akasema, akakitia ndani ya koti.

Nililia jikoni kwa hasira. Mjanja nimejikata kwa kisu changu mwenyewe, na kitabu pekee nilichokihitaji kimeenda kwa mtu anayedhani Kifaransa ni aina ya sabuni. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kujua kama Orsane alifika. Papa alikufa bila kujua. Niliapa nitajua kwa niaba yetu wawili.

Nilimtumia tumbaku, nikamtumia kitenge kwa ajili ya mke wake, nikamtumia hata jogoo wa Patient. Alirudisha vyote isipokuwa tumbaku, pamoja na ujumbe: "Mugawo habauzishake, habarudishake. Kurudisha nyama ni kusema iko na sumu. Mwenye iko na njaa anakuyaka kula kwa mwenye iko na nyama."

Nikaenda. Pikipiki hadi barabara ilipokwisha, halafu miguu na matope. Nilidhani nitaketi pembeni, nisome haraka, niage. Kumbe koko alikuwa amewaita watu wote. Mabenchi yalitolewa kanisani, wawindaji wamekuja na mbwa wao, na mke wake, Mama Généreuse, amepika sombe ya majani ya muhogo na ndizi kama kwa harusi. Nikauliza kitabu kiko wapi. Koko akanyoosha kidole juu ya jiko. Kilikuwa kinaning'inia kwa kamba kwenye moshi, katikati ya mapaja mawili ya swala.

"Nyama inaozaka," alinieleza taratibu, kana kwamba mjinga ni mimi.

Nikakishusha. Karatasi zilikuwa za kahawia, zinanuka mafuta. Nikasoma sentensi kwa Kifaransa, nikaitafsiri, nikasoma nyingine, kwa sauti ya mtu anayewatupia kuku mahindi. Walinikatiza kila nilipovuta pumzi. Ile Tenace inatembea na mafuta ya essence gani? Orsane iko na bwana? Na mbwa yao iko wapi? Nikasema hakuna mbwa. Koko akasonya kwa masikitiko, watu gani hao wanaosafiri mbali namna ile bila mbwa, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Orsane mzembe kidogo, jambo lililonikasirisha zaidi.

Lakini chakula kilipoanza kuisha ndani ya chombo, na wakubwa wakaanza kusema wameshiba ili watoto wale, maswali yalikoma. Mama Généreuse aliacha kumenya karanga. Sehemu hiyo hakuna aliyetaka nimfafanulie.

Tukafika ukurasa wa mwisho. Orsane anashika komeo la mlango wa Tenace. Anavuta. Macho yangu yakatangulia mdomo, na mdomo ukasimama.

Orsane anaamka. Ni karani wa benki mjini Paris, amesinzia ndani ya treni akielekea kazini. Chombo, kiu, watoto, waliozikwa gizani, vyote vilikuwa ndoto. Anacheka, ananyoosha sketi yake, anashuka. Mwisho.

Ndoto! Papa alipitisha vitabu hivi kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki. Alivifukia chini ya jiko, akavifukua, akavianika. Alilowa mvua ya Mushaki mpaka mapafu yakamshinda, yote hayo kwa ajili ya usingizi wa karani. Mwandishi yule alichoka na kazi yake, akatutemea mate, akaenda kula. Sijawahi kumdharau mtu kiasi hicho, hata Prince. Na nikamshukuru Mungu, kwa moyo wangu wote, kwamba papa alikufa kabla ya Jumapili.

"Banafika?" koko akauliza. "Naomie. Banafika ao hapana?"

Niliwaangalia. Midomo wazi, mikono imelegea juu ya magoti, hata wale niliowaona kuku.

"Banafika," nikasema.

Nikakiinamia kitabu na kuendelea kusoma mahali pasipokuwa na kitu. Niliwaambia mlango ulifunguka na harufu ya kwanza kuingia ilikuwa moshi wa kuni. Niliwaambia Orsane alisikia kengele za mbwa wa mawindo ndani ya msitu, akajua kuna watu, na watu hao ni wake. Nikawashusha wazee mikononi, nikawashusha watoto mgongoni. Sikumwacha hata mmoja ndani.

"Na benye balikufa mu njia?" koko akauliza.

Hilo sikuwa nimelipanga.

"Balikuwa bameshafika, koko. Bao njo baliwasha ule moto."

Mama Généreuse akajifunika uso kwa kitenge. Koko akatikisa kichwa, akakitwaa kitabu kutoka mikononi mwangu, akakipangusa kwa mkono wa koti, kisha akanirudishia.

"Tumekula muzuri," alisema. "Sasa ni mufupa. Beba, ujaze kabati ya papa yako."

Nilirudi nacho ndani ya shati. Njia nzima niliiona rafu imekamilika, kitu ambacho papa alikitamani kuliko kuiona Roma. Nikaona pia mtoto wetu fulani, wa Patient au wangu, atakayesoma vyote kwa mpangilio, mwaka mzima, akimpenda Orsane, ili mwishoni akutane na yule karani na sketi yake.

Kwenye daraja la mto Lowa nilimwambia mwenye pikipiki asimame. Nilikitupa bila kusali. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai, na hayakukawia.

Patient, ambaye sasa anajifanya mlinzi wa mkusanyo, ananiuliza mbele ya wageni cha mwisho kiko wapi. Namwambia tulikila.