Gari la Bibi Linatembea

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wapenzi wote wa mambo ya kale kwamba gari la babu yangu, lenye umri mkubwa kuliko baba yangu, lilianza kutembea lenyewe wiki ya kwanza ya likizo. Tangazo hili lina kasoro moja ndogo: nilikuwa nalisukuma mimi.

Ni gari dogo la milango miwili, paa lake la turubai hukunjwa kwa nyuma. Babu alilinunua akiwa kijana. Bibi, aliyekuwa fundi cherehani, alilishonea paa jipya kila la zamani lilipochanika. Tangu Bibi afariki halijatoka bandani, lakini Babu hulitunza kama mgonjwa wa presha: viti hupakwa mafuta, injini huwashwa kila Jumapili. Hata kulala lina sheria zake. Breki ya mkono haivutwi, isije ikagandana kwa kutu. Gia haiachwi ndani. Kinacholizuia ni mawe mawili tu mbele ya magurudumu, maana sakafu ya banda imeinama kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke.

Kwa mtu aliyelelewa bwenini, mawe mawili ni mwaliko rasmi.

Babu akilala mchana, nilisogeza mawe mbele shubiri moja, nikalisindikiza gari kwa bega, kisha nikaondoka na uso wa mtakatifu. Siku ya kwanza Babu alijikuna kidevu. Siku ya pili alichora mstari wa chaki sakafuni. Gari lilipouvuka ule mstari, alivua kofia.

"Baba, hili gari liuzwe," Shangazi alisema mezani. "Mimi linanitia baridi. Jana naanika nguo, naona taa zake zinanikodolea."

"Humjui mama yako?" Babu alijibu taratibu. "Amechoka kukaa ndani."

Nilicheka ndani ya kikombe mpaka chai ikanitokea puani.

"Cheka tu, mume mwenzangu," Babu akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu Bibi aliponichagua kuwa mumewe wa pili, nikiwa sina hata meno. "Lakini mke wetu huita kwa upole mara moja tu. Usipoitika, anakufuata."

Chai ikawa haina ladha tena. Hata hivyo nilirudi bandani mchana ule, maana mzaha haukatizwi katikati. Jiwe moja lilinipasukia mikononi. Nikaweka kipande cha tofali mahali pake.

Kesho yake nilisikia vyuma vikigongana bandani. Paa lilikuwa limekunjwa. Juu ya kiti cha Bibi palikuwa na mtandio wake, umepigwa pasi. Babu alikuwa amelala chini ya gari, miguu imetokeza kati ya magurudumu, na kavaa suruali yake ya harusi za watu.

"Babu, unafanya nini huko?"

"Napaka grisi. Leo tunamtoa."

Ndipo nikausikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna sukari. Vumbi jekundu lilimwagika chini ya gurudumu. Gari likasogea upana wa kidole.

Mtu mwingine angetoka mbio. Babu alilipigapiga gari tumboni kwa kiganja.

"Tulia, mke wangu. Nakuja."

Niliruka mbele, nikaegemeza mgongo kwenye bampa. Visigino vyangu vikaanza kuteleza.

"Babu, toka!"

"Mwache. Haraka zake ni za tangu usichana."

"Siyo yeye! Ni mimi! Mawe nayasogeza mimi! Hilo ni tofali, Babu, linavunjika!"

Miguu ikajivuta, na Babu akabingirika hadi ukutani. Tofali likaachia. Niliruka pembeni, gari likanipita bila sauti, likagonga mwimo wa mlango na kusimama. Kopo la grisi lililokuwa karibu na magoti yake lilikuwa bapa kama sahani.

Shangazi alikuja anakimbia, akasimama nje, mkono mdomoni.

Babu alikaa sakafuni. Hakunitazama. Alikuwa akiutazama mtandio, ulioanguka kutoka kitini.

"Hata siku ile ya kwanza?" aliuliza.

"Hata siku ya kwanza, Babu. Ni mimi."