Macho kwa Namba Kumi na Tano

"Soma tena hapo kwa jina," alisema Maman Nzigire, mikono yake ikiwa bado imezama hadi viwikoni ndani ya beseni la jezi.

Aimable, mwenyekiti wa kamati, alikunja uso. Alikuwa akiwasomea barua wanakamati watano waliokaa juu ya kreti tupu za soda chini ya bati, nyuma ya uwanja wa Kamembe. Hapo ndipo Nzigire alipofulia jezi za timu ya Flèche kwa miaka tisa sasa, na hapo ndipo kamati ya mashabiki ilipokutana kila asubuhi ya siku ya mechi, kwa kuwa palikuwa na kivuli na hapakuwa na kodi. Lakini Nzigire naye alikuwa mwanakamati, wa saba, mwakilishi wa akina mama. Barua isiyokuwa na sahihi zote saba uongozi wa klabu haukuipokea.

Mwenyekiti akasoma tena. "Kwa hiyo tunaomba beki Gisa, aliyeletwa kwetu kwa mkopo mwezi wa nane, arudishwe Kigali dirisha la usajili la mwezi wa kwanza likifunguliwa, kwa sababu hajaonyesha maendeleo yoyote."

"Yoyote?"

"Yoyote, Maman."

Nzigire alitoa mikono kwenye povu, akaikung'uta, akaifuta kwenye kitenge chake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyezaliwa Kadutu, mtaa wa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, na kuolewa huku. Utotoni alikuwa na kaka wanne, na kila walipocheza mpira wa makaratasi kwenye mteremko wa nyumba yao hakuna aliyetaka kucheza nyuma. Akawekwa yeye. Miaka mingi alisimama pale peku, mgongo ukiutazama ukuta wa jirani, akijifunza jambo moja tu: anayekuja na mpira anafikiri nini kabla mwenyewe hajajua kwamba anafikiri.

"Mimi sitii sahihi," alisema.

Twahiru, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko, alicheka kwa pua. "Maman, mashabiki wote banamuita Lesepase. Unajua sababu?"

Alijua. Kamembe nzima ilijua. Laissez-passer ni ile karatasi ya kuvukia mpaka. Ukiionyesha, askari anasogea upite. Mwezi wa tisa, mshambuliaji mmoja alimpita Gisa mara tatu katika kipindi kimoja, akafunga mara mbili, na kabla mechi haijaisha jina lilikuwa limeshazunguka jukwaa zima. Tangu siku hiyo kijana wa watu, mwenye miaka ishirini, aliyetoka Nyagatare akapitia timu kubwa ya mji mkuu, hakuitwa tena na mashabiki kwa jina alilopewa na baba yake.

"Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa," Nzigire alisema. "Leo tuko mwezi wa kumi na mbili. Ngoja niwaonyeshe kitu." Akaokota kwenye rundo jezi namba kumi na tano ya mechi iliyopita, ambayo alikuwa hajaigusa kwa sabuni, na kaptula yake. "Zamani huyu mutoto alikuwa ananiletea jezi yenye matope kwa mgongo. Mgongo mutupu. Maana yake nini? Batu banamgeuza, anaanguka kinyumenyume. Kaptula yake, safi kama ya padri. Sasa angalieni. Mgongo hauna kitu. Matope iko hapa, kwa paja la kushoto na kwa nyonga. Anaingia kwa ubavu, anauchukua, anasimama. Minafua hizi nguo kila juma. Minaona."

Kicheko kikapasuka kwenye kreti zote.

"Kumbe siku hizi matope ndiyo yanatoa ripoti ya mechi!" alisema mmoja.

"Tumwite na Omo aje kuwa kocha," alidakia Twahiru.

Nzigire hakucheka wala hakukasirika. Alingoja wamalize, kama anavyongojwa mtu mwenye kikohozi. Halafu akamgeukia Aimable peke yake.

"Papa Aimable, wewe ni motari wa pikipiki. Ukibeba muntu, unaangalia gurudumu ao unaangalia njia?"

"Njia."

"Basi kwa mpira munaangalia gurudumu. Mpira ukienda kule, macho yote kule. Beki kazi yake anaifanya mahali mpira haujafika. Leo kaa na mimi. Dakika tisini, usiangalie mpira hata mara moja. Angalia ule mutoto tu. Kisha useme mbele ya hawa yote umeona. Ukisema hajaendelea, natia sahihi na mukono huu wenye sabuni."

"Na nikisema ameendelea?"

"Barua ni yako. Utajua mahali pa kuiweka." Akainama tena juu ya beseni. "Lakini mujue mambo munaandika. Muntu wa mkopo akirudishwa katikati ya msimu, kwao hawamuulizi kitu. Banamuhesabu kama amekufa."

Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Mvua ya juma zima ilikuwa imegeuza maeneo ya mbele ya magoli kuwa uji mwekundu. Aimable alikaa kando ya Nzigire, koti lake la kazi begani na barua kwenye mfuko wa shati, uso wake ukiwa wa mtu aliyelazimishwa kuhudhuria ibada ya kanisa lisilo lake.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa mateso. Kila jukwaa lilipopiga kelele, shingo yake iligeuka.

"Macho kwa namba kumi na tano," Nzigire alisema bila kumtazama.

Polepole mwenyekiti alianza kuona mchezo mwingine ndani ya mchezo. Gisa hakutulia. Mpira ukiwa mbali, upande wa kulia, yeye alisogea hatua mbili kushoto, akageuza kichwa, akamgusa mshambuliaji mgongoni kwa kiganja kama anayehakikisha kwamba mlango wake umefungwa, akapiga kelele, akamwonyesha kiungo mahali pa kusimama. Mara nyingine alikimbia mbio ndefu kabisa na mpira haukuja. Alirudi mahali pake na hakuna aliyeona kwamba alikuwa amekimbia.

"Kwa nini alienda kule?" Aimable aliuliza.

"Ule namba tisa alitaka kupita nyuma. Alipomuona mutoto amefika, akaacha. Mwenye mpira naye akaurudisha kwa kipa wao."

"Kwa hiyo hakuna kilichotokea."

"Njo kazi yake hiyo. Kisitokee."

Mapumziko yalifika bila bao. Aimable hakwenda kununua chochote. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, asije akasikika.

Kipindi cha pili wageni walishambulia kama waliotumwa. Krosi sita zilikuja, Gisa akaondoa nne kwa kichwa. Mara moja aligeuka akachelewa, upande wa kushoto, na namba tisa akapiga nje kidogo tu. "Lesepase!" jukwaa likanguruma. Nzigire akasaga meno. Aimable naye alikuwa ameona.

Dakika ya themanini na nne, beki wa kushoto wa Flèche, mkongwe aliyependwa na kila mtu, alipanda mbele akitafuta sifa na kunyang'anywa mpira. Nyuma yake pakabaki uwanda mtupu. Winga wa wageni akaingia humo peke yake, uwanja mzima ukasimama, na Gisa, aliyekuwa upande wa pili kabisa, akaanza kukimbia. Alikata boksi lote kwa mshazari. Akalala kwa ubavu, paja la kushoto likichana matope, mguu ukafika kwenye mpira kwanza, mpira ukatoka, na winga, aliyekuwa na kasi, akajikwaa juu yake na kuruka kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori.

Filimbi. Mwamuzi alikuwa mbali, nyuma ya watu watatu. Alionyesha kidole penye nukta ya penalti.

Ikapigwa, ikaingia. Sifuri kwa moja.

Wachezaji wa Flèche walisimama vichwa chini, kila mmoja akitafuta kitu kwenye nyasi. Gisa peke yake ndiye aliyekwenda wavuni. Akauchukua mpira, akaubeba kifuani, akakimbia nao hadi katikati ya uwanja, akiwapigia kelele wakubwa wake warudi sehemu zao, hata yule mkongwe. Na jukwaa lilikuwa likiimba. Liliimba lile jina la karatasi kwa makofi na vuvuzela, watu elfu mbili wakimwita kijana mmoja kwa kitu ambacho hakuwa tena.

Nzigire alisimama. Alipanda juu ya kiti cha saruji, akakaza kitenge kiunoni, akaweka mikono mdomoni.

"Gisa!" alipaza sauti. "Gisa! Gisa!"

Sauti moja. Watu waligeuka.

"Shuka, Maman!" mwanamume mmoja alimpigia kelele kutoka nyuma. "Rudi kwenu Bukavu!"

Nzigire aligeuza shingo tu, mwili ukabaki unautazama uwanja. "Kwetu ni kule na kwetu ni hapa. Mpaka ninauvuka kwa miguu yangu, siyo kwa mdomo wako. Gisa!"

Hadi filimbi ya mwisho aliita. Sauti ilimkauka, ikapasuka, ikawa kama ya jogoo mgonjwa. Aliita hivyo hivyo. Karibu na mwisho akina mama wawili wanaouza karanga waliungana naye, bila kujua vizuri sababu, labda kwa kuwa hawakupenda lile neno la Bukavu.

Wanakamati walimkuta chini ya bati dakika chache baadaye. Twahiru alikuwa ameshafungua kalamu.

"Tumeangalia, Maman. Penalti! Ahadi ni ahadi."

"Ahadi ilikuwa na Papa Aimable," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Aseme."

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Aimable alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Watu wa kata zote, kutoka Gihundwe hadi Giheke, walimjua kwa neno moja: hakuwahi kusema kinyume cha jukwaa. Ndiyo maana walimchagua.

"Anachelewa kugeuka upande wa kushoto," alisema.

"Njo kweli," Nzigire alijibu. "Mwezi wa tisa alikuwa anachelewa pande zote mbili."

"Ile penalti haikuwa penalti. Mpira aliuchukua. Na kosa halikuwa lake, alikuwa anafunika pengo la mtu mwingine. Nimemwangalia huyo mtoto dakika tisini." Akatikisa kichwa. "Sijui wale wengine tuliwaangalia nini miaka yote hii."

"Aimable!" Twahiru aliita. "Batu bako pale getini, banangoja. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie barua haiendi. Waambie ni mimi nimekataa." Neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Wakatawanyika kwa manung'uniko. Nzigire alikuwa akikusanya jezi mlangoni mwa chumba cha wachezaji wakati Gisa alipotoka wa mwisho, amekwisha kuoga, begi begani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Kutoka barabarani zilisikika sauti za watu, na mara moja moja lile jina.

Nzigire akatoa ufunguo. "Petit, kuna mlango mudogo kule kwa vyoo. Wenzako wamepita pale. Njoo nikufungulie."

Kijana aliutazama ufunguo. Kiswahili chake alikuwa amekiokota hapo hapo mjini, kipande kwa kipande, na alikipanga taratibu.

"Maman. Leo nimefanya kosa gani?"

Alifikiri kwa haki, kama aliyeulizwa mahakamani. "Moja. Ile ya kushoto, kipindi cha pili. Kazi ya mazoezi, Jumanne."

"Na ingine?"

"Hakuna ingine."

"Basi nitapita kule batu banapita."

Nzigire akaurudisha ufunguo kwenye pindo la kitenge. Kisha akaliweka rundo la jezi juu ya benchi kavu, akajifuta mikono, akatoka naye.

Geti kubwa lilikuwa limefunguliwa pande zote mbili. Watu walijaa barabarani, wengine wameegemea pikipiki zao, wengine wamekunja mikono, na kelele zilipanda walipomwona, kisha zikashuka, kwa kuwa yeye hakusimama wala hakuinamisha kichwa. Gisa alishika katikati ya barabara. Hakuharakisha. Watu walisogea nusu hatua, halafu nusu nyingine. Kutoka upande wa ziwa mvua nyembamba ilianza kushuka, na kwa muda hakuna aliyekimbia kuikwepa.