Kanda ya Misty Stokely

Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mlango wa Tume ya Nidhamu ya Majaji ulikuwa bado umefungwa. Verlene Stokely, mpishi wa shule aliyeendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka milimani, alisimama kwenye korido hadi Orrin Tackett alipofika na funguo. Tackett alikuwa mpelelezi pekee wa Tume kwa jimbo zima, na alilipwa kwa siku mbili kwa wiki.

"Ingia, mama. Usijikwae kwenye ndoo. Dari linavuja, na fundi ameondolewa kwenye bajeti."

"Nimekuja kwa ajili ya kanda ya sauti ya mahakamani."

Miaka miwili iliyopita binti yake Misty alifika mbele ya Jaji Pennock kwa kosa la taa mbovu ya gari. Alipomkatiza jaji, alifungwa siku thelathini kwa kudharau mahakama. Verlene alikuwa benchi la pili. Alimsikia binti yake akisema mara mbili: "Mheshimiwa, nina kisukari, insulini yangu iko garini." Siku ya nne Misty alifia jela, bila insulini. Verlene alipolalamika, Pennock aliiandikia Tume kwa kiapo kwamba msichana hakutaja ugonjwa wowote.

"Karani wa mahakama kaniambia rekodi zinafutwa baada ya miaka miwili," Verlene alisema. "Ya Misty ni keshokutwa. Wewe andika tu waizuie isifutwe."

"Sina mamlaka hayo. Lazima wajumbe wapige kura wakiwa wameketi pamoja. Bunge la jimbo limetubakishia vikao viwili kwa mwaka. Kijacho ni Oktoba."

"Huu ni Juni, Orrin."

"Najua."

"Basi mpigie mwenye hela."

Tackett aliipigia ofisi ya seneta anayeongoza kamati ya bajeti, akaweka simu kwenye spika na kuomba fedha za kikao cha dharura. Msaidizi alisikiliza hadi mwisho.

"Kikao cha dharura ni nauli, hoteli, posho. Fungu hilo halipo, Bwana Tackett. Halafu seneta anawaamini majaji wetu."

"Mama wa marehemu yuko hapa."

"Mpe pole zetu."

Simu ilikatwa. Verlene aliendelea kuitazama.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Nitaapa."

"Uliapa tayari, mama. Kiapo chako ninacho kwenye faili. Na cha jaji ninacho."

"Kwa hiyo?"

Tackett alisogeza ndoo kwa mguu.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana, Verlene alimpigia karani wa mahakama.

"Imeshajifuta, mama," karani alisema. "Mashine hufanya yenyewe."

Tarehe tisa Oktoba wajumbe wa Tume walikutana kwa dakika arobaini. Lalamiko la Verlene lilikuwa la kumi na saba kwenye orodha. Lilifungwa bila mjadala: hapakuwa na rekodi ya kuthibitisha kwamba Misty Stokely alisema neno lolote.