Gololi Juu ya Meza

Mgonjwa wa sita siku hiyo alikuwa shemeji yake mwenyewe, na hospitali nzima haikuwa na mpimaji mwingine. Kwa hiyo Mama Rula, kama walivyozoea kumwita kazini, alimpima mume wa dada yake kama alivyowapima wale watano, huku miguu yake mwenyewe imevimba ndani ya viatu kwa kusimama kutwa.

Kazi yenyewe huchosha macho. Daktari hupitisha mrija hadi moyoni, humimina rangi, eksirei inapiga picha. Mama Rula hufuata kwa kalamu ukingo wa chumba cha kushoto cha moyo, kisha hupiga hesabu ya ujazo. Lakini eksirei hukuza kila kitu. Ndiyo maana mgonjwa akishashuka mezani hupigwa picha gololi ya chuma yenye ukubwa unaojulikana, ili ijulikane moyo umekuzwa kiasi gani.

Ujazo wa moyo wa shemeji ulitoka mililita mia moja na tisini. Daktari hapasui moyo uliozidi mia mbili na ishirini, maana moyo uliotanuka hivyo hauhimili kisu. Basi kesho asubuhi angepasuliwa. Shemeji, kinyozi kwa miaka thelathini, alitoa wembe wake akajinyoa kifua mwenyewe, eti wauguzi hawana mkono wa kunyoa.

"Leo umeuona moyo wangu, shemeji. Dada yako yumo?"

"Sikuona mtu. Niliona rangi tu."

Dada yake, aliyekaa kando ya kitanda, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Saa kumi jioni Mama Rula akafunga kazi. Mlango wa chumba cha eksirei hujifunga wenyewe, na tangu kiyoyozi kife watu huuzuia usijifunge kwa chochote kilicho karibu. Akajikwaa. Alichojikwaa ni kibao chenye kimo cha kiganja, kinachowekwa chini ya gololi ili iwe usawa wa moyo. Alikiweka mlangoni yeye mwenyewe, kwa ajili ya joto, kabla shemeji hajaingia. Gololi aliilaza mezani hivi hivi.

Mtambo wa eksirei uko chini ya meza, na kilicho karibu nao huonekana kikubwa kuliko haki yake. Gololi ikikua, moyo hupungua kwenye hesabu. Alirudi, akaikalisha juu ya kibao, akaipiga picha upya, akahesabu mara tatu akiomba awe amekosea. Mia mbili na sitini.

Hakuna ambaye angejua. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kwa dakika nzima alitamani kwenda zake nyumbani. Kisha akampigia daktari, akapanda ngazi kwenda wodini, kwa sababu hakutaka shemeji aambiwe na mtu baki.

"Nilikosea kupima," aliwaambia. "Moyo umetanuka mno. Wakikupasua hutaamka. Kesho hakuna upasuaji."

"Si ulisema mwenyewe," dada yake alianza.

"Nilisema. Kosa ni langu."

Dada yake akageukia dirisha, akampa mgongo.

Shemeji alijiinua kitandani. "Sasa nitaishi kwa nini?"

"Kwa dawa. Muda gani, sijui."

Alikipapasa kifua chake kilichonyolewa, akaanza kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja.

"Mteja nikimharibia kichwa, humwambia nywele zitaota," alisema. "Na hizi zitaota, shemeji. Kaa, umechoka."

Akasogeza miguu kumpa nafasi kitandani, na Mama Rula akakaa.