Paja la Kushoto

Abeli hakusomea mifugo hata siku moja. Lakini tangu bwana mifugo aache kupita na dawa za serikali, na maduka ya Dodoma yajae chupa za kila rangi, kila mwenye zizi alijifanya daktari, na kijijini kwao, karibu na Buigiri, Abeli alikuwa daktari wa madaktari. Mkewe Edina alipokutwa na kisukari, akaambiwa achomwe insulini kila asubuhi, Abeli alilipokea bomba la sindano kwa nesi kama mtu anayerudishiwa chake.

"Ng'ombe anachomwa shingoni, mahali pamoja," alisema walipofika nyumbani. "Ukitoboatoboa kila mahali unaharibu ngozi."

Basi Edina akachomwa paja la kushoto, mahali palepale, miezi minane. Pakaanza kuwasha. Pakavimba, mwishowe pakawa pagumu kama kiazi.

"Baba Sila, nesi alisema tuwe tunabadilisha."

"Nesi ana ng'ombe wangapi?"

Sukari haikushuka. Kliniki wakaongeza kipimo cha dawa, bado. Mganga wa kliniki akamwambia Edina wazi kwamba isiposhuka, macho yatakwenda. Akauliza kama anachomwa vizuri, na Abeli akadakia, "Vizuri sana, nachoma mwenyewe." Edina akavuta kanga, akalifunika paja. Kwao mke hamuumbui mume mbele ya watu. Heshima gani hiyo ya kumla mtu macho, sijui mimi.

Edina akaanza kushindwa kuona changarawe kwenye ungo. Abeli akatema tonge la ugali. "Mama Sila, siku hizi unanilisha mchanga?"

Mwezi huohuo ng'ombe wa maziwa akaugua. Siku ya nne ya sindano Edina alikuwa zizini, ameshika kamba. Abeli akapapasa shingo ya ng'ombe upande wa kushoto, akaguna, akazunguka kulia.

"Mbona unahama?" Edina akauliza.

"Huku pamevimba. Dawa haipiti kwenye uvimbe, inakaa papo hapo bure. Hilo hata mtoto analijua."

Edina akangoja Abeli ayasikie mwenyewe aliyoyasema. Hakuyasikia. Alichoma taratibu, kisha akamsugua ng'ombe mgongoni. "Pole, mama. Pole sana."

Miezi minane Edina hakuwahi kuambiwa pole. Akaiachia kamba, akaingia ndani, akalitoa bomba kwenye sufuria ya kuchemshia, akalifunga kwenye upindo wa kanga, akatoka.

"Unakwenda wapi na bomba langu?" Abeli akapaza sauti.

"Bomba lako unalo mkononi," alijibu bila kugeuka. "Hili ni langu."

Akashika njia ya kliniki, peke yake. Alikwenda akiitafuta njia kwa nyayo, maana hata mwisho wa shamba lao hakuuona tena.