Kamba ya Ghorofa ya Pili

Anayetaka kujua nani anakaa jengo lile asijisumbue kugonga milango. Apande juu ya paa siku ya jua. Watu wa ghorofa ya kwanza huanika vitambaa vya rangi kali hadi macho yanauma. Wa ghorofa ya tatu huficha chupi nyuma ya mashuka, kana kwamba sisi wengine hatuvai. Wengine hawakamui kabisa, wakaacha paa zima bwawa. Kila kabila na kamba yake, na sheria ni moja: nguo ya mwenzio huigusi.

Mama Dobi, mjane wa ghorofa ya nne aliyefulia watu kwa ujira, alikerwa na kamba moja tu, ya ghorofa ya pili. Huko ndiko alikohamia mwanawe wa pekee, fundi wa mafriji, alipooa binti wa watu wale. Mama alikuwa ametamka wazi kwamba mke wa lugha nyingine hataingia jikoni mwake. Kijana akabeba sanduku lake la spana, akashuka ngazi, basi.

Miezi mitatu iliyopita kilio cha kichanga kilianza kusikika huko chini. Mjukuu wake! Alitamani kumbeba hadi mikono ikamuwasha. Lakini hakuitwa, na yeye si mtu wa kwenda asikoitwa. Akaamua kufa na tai shingoni.

Kilichomzidishia hasira ni vile vinguo vya mtoto. Kila siku vilianikwa ndani nje, mishono yote hadharani. Vyeupe pe! Sasa walikuwa wakiogopa jua lichujue rangi gani? Uvivu tu, alisema, na kila akipita alisonya.

Adhuhuri moja wingu likafunga ghafla. Mama Dobi akaanua zake, akafika mlangoni, akageuka. Vinguo vilikuwa vikirushwarushwa na upepo, na matone yameanza. Sheria aliijua. Akaanua vyote. Na kwa kuwa mikono ya dobi haijui kukaa bure, alikigeuza kila kimoja upande wake, akakikunja, akashuka navyo.

Alidhani ataacha kifurushi mlangoni atoweke. Lakini mlango ulifunguliwa na mkwe wake, mama wa binti, ambaye mwaka mzima alipishana naye ngazini bila salamu. Yule mama akapokea, akatazama kinguo cha juu, cha pili, cha tatu.

"Ni wewe uliyevigeuza?"

Mama Dobi akajiandaa kwa ugomvi. "Ni mimi. Nguo haikai vile."

Mkwe wake akakaa kitako palepale kizingitini, akalia. Fundi akatoka na mtoto mkononi, akaeleza: kwa watu wa mkewe, vinguo vya kichanga huanikwa ndani nje mpaka bibi mzaa baba aje avigeuze kwa mkono wake. Na haambiwi. Akiambiwa, haihesabiki.

"Tumekusubiri miezi mitatu, mama."

"Na mimi nasubiri kuitwa," alisema Mama Dobi.

Kumbe kila siku ya jua walikuwa wakimwanikia yeye, naye akipita akisonya. Aliona aibu, akaona na furaha, vyote kwa mkupuo. Akafuta mikono kwenye sketi, akampokea mtoto. Kisha akamwuliza mkwe wake kama kuna chai, maana hakuwa na haraka ya kurudi juu.